Siku ya Kung'oa: AC na Hita za Mabasi Yaliyotumika katika Njia ya Mbinga

Basi dogo lililotumika Japani likinunuliwa kwa ajili ya njia ya Songea, Kigonsera na Mbinga mkoani Ruvuma, haliingii barabarani kama lilivyoshuka melini. Siti za awali hutolewa na nyingine nyembamba hufungwa ili abiria waongezeke, keria huwekwa juu ya paa, ngazi huchomelewa nyuma, vyuma vya kushikia huongezwa na rangi hupigwa upya. Katika makubaliano ya tajiri wa gari na fundi bodi, kila kimoja kati ya hivyo kina bei yake. Iko kazi moja inayotangulia zote ambayo kwa kawaida haina bei, nayo ni kuondoa AC na hita za zamani. Huhesabiwa kuwa usafishaji, jambo la asubuhi moja la vijana wa gereji wenye spana na msumeno wa chuma, na vinavyotoka huwa vimeshafika kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu kabla jua halijazama. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo gari nyingi huharibiwa. Kung'oa ni kazi kamili yenye mpangilio na utaalamu wake, na kwa kuwa hakuna anayeilipia, gharama yake huhamia kwa wengine: injini inayochemka mlimani mwaka mmoja baadaye, dereva asiyeona mbele kwenye ukungu, abiria wanaovuta hewa iliyokwisha kutumika, na anga ambalo halina wakala wa kulidaia fidia.

Kwanza tuvitazame vilivyomo. Toyota Coaster, Nissan Civilian na Mitsubishi Rosa ziliundwa kwa nchi yenye baridi ya theluji na kiangazi cha unyevu mzito, kwa hiyo hubeba mifumo miwili iliyo tofauti kabisa. Hita haina moto wake. Huchukua maji ya moto kutoka kwenye injini, huyapitisha kwenye mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu, na kuyaingiza kwenye visanduku vyenye rejeta ndogo na feni, kimoja ndani ya dashibodi na kingine au viwili chini ya siti za nyuma. AC nayo ina kompresa inayozungushwa kwa mkanda wa injini, kondensa ya kutupa joto nje, chupa ndogo ya kunyonya unyevu, na evapareta inayopuliza baridi kutoka darini. Kati ya vyote hivyo huzunguka gesi iliyobanwa kwa nguvu pamoja na mafuta ya kulainisha kompresa. Baadhi ya mabasi makubwa ya Kijapani yana injini ndogo ya pekee kwa ajili ya AC, na mengi ya Ulaya ya kaskazini yana hita inayochoma dizeli yenyewe, ambayo huku kwetu ni nadra. Vifaa hivi ni sehemu ya damu na mishipa ya gari, ingawa kwa macho vinaonekana kama masanduku yaliyobandikwa tu.

Mahali nako kunahusika sana na uamuzi wa kung'oa au kuacha. Kigonsera, kijiji cha misheni ya Wabenediktini tangu mwishoni mwa karne ya 19, kiko kwenye barabara itokayo Songea kupitia Peramiho kwenda Mbinga. Kilomita 78 za Peramiho hadi Mbinga ziliwekwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, na kilomita 66 za kutoka Mbinga kuteremka hadi Mbamba Bay zikafuata kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lami imebadilisha biashara ya mabasi: magari ambayo zamani yasingethubutu kushuka hadi Ziwa Nyasa masika sasa yanafanya safari hizo kila siku. Lakini lami haikubadilisha umbo la nchi. Mbinga iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, katika milima ya Umatengo ambako asubuhi za Juni na Julai watu hutembea na makoti mazito na ukungu huweza kukaa mabondeni hadi saa tatu. Uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500, na joto la Mbamba Bay mwezi wa Novemba halina huruma. Basi moja hupita hali zote mbili kwa saa chache, na huenda likarudi jioni likiwa limejaa usipa mkavu na abiria, likipanda ukuta wote huo kwa gia nzito. Pia msimu wa baridi ndio msimu wa kahawa, wakati watu wa Mbinga wana fedha na safari ni nyingi. Anayesema kwamba Ruvuma haina haja ya hita anaizungumzia Ruvuma ya ufukweni peke yake.

Kosa la kwanza, basi, ni kuifanya hita kitu kimoja. Ile ya nyuma chini ya siti inaweza kuondolewa bila majuto, na mara nyingi inafaa iondolewe. Inakula nafasi ya miguu, na mabomba yake yaliyopita chini ya gari huwa yameoza kwa chumvi inayomwagwa barabarani Japani ya kaskazini kuyeyusha theluji, kiasi kwamba kovu moja la kutu likitoboka, maji yote ya injini humwagika njiani. Hita ya mbele ni habari nyingine. Kazi yake kubwa ni kupuliza hewa kavu ya moto kwenye kioo cha mbele. Abiria 30 waliolowa mvua wanapofunga madirisha kwenye baridi ya Umatengo, pumzi zao hugeuka umande juu ya kioo ndani ya dakika chache. Dereva ambaye hita yake imetolewa hubaki na kitambaa mkononi, akifuta duara dogo mbele ya uso wake huku mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, kwenye barabara yenye kona, korongo upande mmoja na waendesha bodaboda wasiowasha taa. AC nayo husaidia hapo, maana evapareta hukausha hewa inayopita. Anayeziondoa zote mbili amemnyang'anya dereva macho, na hakuna siti ya ziada inayolipa gharama hiyo. Kama nafasi inahitajika, ing'olewe ya nyuma na ile ya dashibodi iachwe na kupimwa kama feni yake inafanya kazi.

Ugumu mkubwa wa hita uko kwenye maji. Injini ya dizeli kama 1HZ, ile ya lita 4.2 na silinda sita inayopendwa sana kwenye Coaster za Tanzania, hutegemea mzunguko wa maji uliokamilika. Bomba la kwenda kwenye hita na la kurudi ni sehemu ya mzunguko huo. Njia sahihi ya kuiondoa hita ya nyuma ni kurudi hadi kwenye matawi, pale mabomba ya nyuma yanapogawanyika na ya mbele, na kuyaziba hapo kwa kizibo cha chuma chenye uzi, au kuunganisha la kwenda na la kurudi kwa mpira mmoja wa kiwango cha rejeta, wenye klampu mpya kila upande. Njia inayotumika mara nyingi ni nyingine. Mpira hukatwa pale ulipofikiwa kwa urahisi, bolti hukandamizwa ndani ya tundu, waya au ukanda wa tairi la ndani hufungwa juu yake, kisha mpira huachwa uning'inie chini ya sakafu. Kwa wiki kadhaa hapana tatizo. Bolti hushika kutu, mpira hulainika kwa joto, na presha ya maji hufikia kilele chake siku gari limejaa na linapanda kutoka ziwani. Hapo bolti huchomoka. Gari la 1HZ lililoishiwa maji mlimani, likaendeshwa dakika kumi zaidi kwa sababu mshale wa joto haukuonyesha chochote (kipimo hakisomi maji ambayo hayapo), huishia kupasuka silinda hedi. Ukarabati wa hapo ni mkubwa mara nyingi kuliko bei ya kizibo, na tajiri huuandika kwenye daftari kama ubovu wa injini.

Kosa la pili hufuatana na hilo, nalo ni hewa. Mfumo ukishafunguliwa na kufungwa, hewa hubaki kwenye sehemu za juu za mabomba, na maji yakijazwa kwa haraka bila kuinua pua ya gari wala kuacha injini izunguke mpaka mapovu yaishe, kunabaki mfuko wa mvuke kwenye silinda hedi. Kwa kuwa gari linachemka baada ya kazi hiyo, fundi hutafuta dawa, na dawa inayozoeleka ni kutoa themostati. Mantiki yake inaonekana nzuri: kizuizi kikiondoka maji yatapita kwa wingi. Lakini katika injini nyingi za Kijapani themostati hufanya kazi mbili, hufungua njia ya rejeta na wakati huohuo hufunga njia ya mkato. Ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Gari hilo huwa baridi mno asubuhi ya Mbinga, likila dizeli na kusaga pete, na huwa moto mno mchana likipanda. Mlolongo wote huo ulianzia kwenye hita iliyong'olewa bila mpango.

Maji yenyewe yaliyotolewa nayo yanahitaji mahali. Kulanti ya kijani au nyekundu ina gilikoli, sumu yenye utamu, ambayo mbwa na watoto huweza kuionja. Kuikinga kwenye beseni na kuihifadhi kwa kazi nyingine, kama bado ni safi, hakugharimu kitu. Kuimwaga kwenye mfereji wa gereji unaoelekea kijitoni hakusameheki mahali ambapo watu huteka maji kwenye vijito hivyohivyo.

AC ina tatizo la aina nyingine, kwa sababu kinachomwagika hakionekani. Mabasi yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R-12, moja ya zile ambazo Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974 kwamba hupanda angani na kula tabaka la ozoni. Mwaka 1985 watafiti Waingereza walitangaza pengo juu ya Antaktika, mwaka 1987 ukasainiwa Mkataba wa Montreal, na Tanzania ikajiunga nao mwaka 1993. Mabasi ya baadaye yalihamia R-134a, ambayo haiharibu ozoni lakini hupasha dunia joto. Ndiyo maana mwezi Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za jamii yake pia. Kwa miaka 100, kilo moja ya R-134a inapasha joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Tuiweke kwa lugha ya njia yetu. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Kilo moja ya gesi hiyo, basi, ni sawa na lita 530 za dizeli. Kwa Coaster inayokwenda kilomita 6 kwa lita, hizo ni kilomita 3,180, karibu safari 16 za kwenda Mbinga na kurudi Songea, zikimwagwa kwa mkato mmoja wa msumeno ndani ya nusu dakika. Kama gari ni la zamani na ndani yake mna R-12, ambayo kilo yake inafikia hewa ukaa kilo 10,900, hesabu inapanda hadi safari zaidi ya 120. Hizo ni siku 120 za gari linalofanya safari moja ya kwenda na kurudi kila siku.

Kwa nini msumeno, wakati spana ipo? Kwa sababu ya shaba. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupima shaba na alumini kwa bei ya juu kuliko chuma, na bomba lililokatwa vipande ni rahisi kubeba na kupima. Kijana anayepewa basi aling'oe hapewi ujira. Anaambiwa achukue atakachotoa. Ujira wake, kwa hiyo, uko kwenye mabomba na kondensa, na kila dakika anayotumia kuokoa gesi ni dakika anayojinyima. Nani angetegemea afanye vingine? Ni makosa kumlaumu kijana huyo kwa ujinga. Anafuata hesabu aliyopangiwa na wakubwa wake, na hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kubadilishwa.

Kuna hatari pia kwake mwenyewe, na hii haizungumzwi vya kutosha. R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikiruka ikiwa majimaji kwenye jicho au kiganja, huunguza kwa baridi kama moto unavyounguza. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikimwagwa gari likiwa juu ya shimo la gereji huteremka na kujaa shimoni, ikisukuma nje hewa ya kupumua. Na kwa kuwa kazi ya bodi huenda pamoja na kuchomelea, mabaki ya gesi yakikutana na moto wa welding hugeuka mvuke wa asidi unaochoma mapafu. Zaidi ya hapo, mfumo uliopita mikononi mwa mafundi kadhaa huweza kuwa na gesi isiyo ile iliyoandikwa kwenye kibandiko, pamoja na zile za jamii ya gesi ya kupikia zinazowaka. Cheche za grainda na gesi ya namna hiyo ndani ya boksi la chuma lililofungwa ni ajali inayosubiri siku.

Linalosemwa mara nyingi kupinga hayo ni kwamba mabasi haya huja yakiwa hayana gesi: yamekaa bandarini, yamepigwa jua, AC haipulizi baridi, kwa hiyo hakuna cha kuokoa. Kuna ukweli ndani yake, kwa sababu mipira hukauka na gesi huvuja polepole. Lakini AC huacha kupoza kitambo kabla gesi haijaisha. Mfumo unaopungukiwa theluthi moja huweza kuwa hauna faida kwa abiria na bado una gesi ya kutosha kumuumiza aliyeukata. Njia ya kujua ni geji mbili zinazofungwa kwenye vali, kazi isiyofika robo saa. Geji zikisoma sifuri, fundi na aendelee na spana yake kwa amani. Zikisoma presha, ajue kwamba dhana ya gari tupu ilikuwa dhana tu. Ifahamike pia kwamba gari kuukuu zaidi ndizo zinazoletwa huku. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania hupokea kuukuu kwa kutoza ushuru wa uchakavu. Mabasi yenye mifumo ya zamani, kwa hiyo, yana njia ya kufika kwetu.

Pingamizi zito zaidi ni la vifaa. Mtu wa Mbinga atauliza, na ana haki ya kuuliza: mashine ya kunyonyea gesi iko wapi? Huko Marekani, ambako mabasi ya shule yaliyostaafu hugeuzwa nyumba na wenye nayo huanza kwa kung'oa hita na AC, sheria imekataza kuachia R-12 angani tangu mwaka 1992 na R-134a tangu mwaka 1995, na mashine zipo katika gereji nyingi. Kwetu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni, lakini sheria hainyonyi gesi. Nakubali kwamba hakuna gereji ya bodi Kigonsera itakayonunua mashine ya mamia ya dola kwa ajili ya basi moja kila baada ya miezi miwili. Sikubali kwamba basi hakuna la kufanya. Gesi huhama yenyewe kutoka penye joto kwenda penye baridi: mtungi wa kunasia gesi, uliotolewa hewa yote kwa pampu na kuwekwa ndani ya pipa la barafu, huvuta sehemu kubwa ya gesi kutoka kwenye basi lililoachwa juani, mradi mtungi uwe wa kazi hiyo, uwe kwenye mizani, na usijazwe kupita asilimia 80. Ni kazi ya fundi wa majokofu aliyefunzwa, si ya kila mtu. Fundi wa namna hiyo yupo Songea, ambako VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina chuo, na karakana za Peramiho zimekuwa zikilea vijana wa ufundi kwa vizazi. Safari ya kutoka Songea hadi Kigonsera ni ya muda mfupi siku hizi za lami. Basi lenyewe laweza kupelekwa kwake siku ya kwanza kabla ya kuanza kubomolewa, kwa kuwa siku hiyo bado linatembea.

Atasema mwingine kwamba gesi iliyonaswa haina mnunuzi. Haina leo, kwa sababu hakuna anayeinasa. R-134a safi inauzwa kwa kilo na magari madogo ya serikali, ya mashirika na ya hospitali yanaihitaji kila mwaka. Gesi iliyotoka kwenye gari moja bila kuchanganyikana na hewa wala gesi nyingine, na iliyopitishwa kwenye kichujio cha unyevu, huweza kurudishwa kwenye gari jingine. Kwa R-12 ni tofauti, hiyo ihifadhiwe na kukabidhiwa kwa mamlaka za mazingira, na nakiri kwamba mpango wa kuikusanya kutoka wilayani bado ni dhaifu. Udhaifu huo unatakiwa kuzisukuma mamlaka hizo na halmashauri za Mbinga na Nyasa, badala ya kuwa ruhusa ya msumeno.

Kwenye nyaya na mikanda sitakawia. Kebo nene ya AC ikatwe kutoka kwenye fyuzi na relei yake, isiachwe ndani ya ukuta ikiwa imefungwa plasta huku ncha ya pili bado imeshika betri, maana huo ndio moto wa bodi unaoanza usiku gari likiwa limeegeshwa. Kompresa ikitoka, mkanda wake utoke nayo kama ni wa peke yake, na kama unazungusha vitu vingine pia, iwekwe puli ya kuushikilia. Na asemaye kwamba AC itarudishwa baadaye azibe midomo ya mabomba saa hiyohiyo, kwa sababu mafuta ya kompresa na chupa ya kukausha hunywa unyevu wa hewa, na mfumo ulioachwa wazi msimu mmoja wa mvua hautafaa tena.

Linalobaki ni hewa ya abiria, na hapa tajiri hujidanganya zaidi. Basi kubwa lenye AC mara nyingi lina vioo visivyofunguka, kwa kuwa mtengenezaji alitegemea feni za AC kuleta hewa. Tajiri akiing'oa AC na kuacha vioo vilivyo, ametengeneza chumba kilichozibwa. Katika nchi ambayo kifua kikuu bado ni ugonjwa wa kila wilaya, kuwafungia watu 40 kwa saa tatu bila hewa mpya ni jambo zito. Tundu linaloachwa darini na kifaa cha AC lingeweza kuwa neema hapo, kwa kuwekewa kifuniko kinachonyanyuka kama vile vya mabasi ya zamani, chenye mpira wa kuzuia mvua. Badala yake huzibwa kwa bati na silikoni, na masika ya pili huvuja juu ya siti ya nyuma. Kwa Coaster, ambayo madirisha yake husogea, hofu ni ndogo. Kwa basi kubwa la vioo vilivyogandishwa, kanuni yangu ni kwamba AC isiguswe mpaka madirisha ya kufunguka yamekwisha kuwekwa, na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ina kila sababu ya kuliangalia hilo kabla ya kutoa leseni ya njia.

Kwa hiyo narudi kwenye fedha, kwa sababu ndipo penye ufunguo. Bei ya ubadilishaji wa bodi ikiandikwa kwa jumla, kazi ya kung'oa humezwa na kila saa yake ni hasara kwa fundi. Iandikwe peke yake. Tajiri akubaliane na fundi juu ya kipengele cha kwanza kabisa: kupima na kunasa gesi, kukinga maji, kuziba matawi ya hita ya nyuma, kukata nyaya kwenye fyuzi, na kukabidhi vilivyotoka. Vilivyotoka viwe mali ya tajiri, viuzwe kwa hesabu yake, na kijana aliyeving'oa alipwe ujira wa siku. Kompresa nzima iliyofunguliwa kwa spana ina thamani kubwa kwa mwenye gari lililoharibikiwa kuliko kilo zake za alumini kwenye mizani, na hilo peke yake laweza kulipa sehemu nzuri ya siku hiyo. Nimesikia ikisemwa kwamba tajiri wa wilayani hawezi kuongeza gharama hata shilingi moja. Lakini tajiri huyohuyo analipa kurudisha silinda hedi, analipa kuvuta gari kutoka kwenye mteremko wa Mbamba Bay, na anapoteza mapato ya wiki nzima katikati ya msimu wa kahawa. Fedha inatoka kwa vyovyote. Kinachobishaniwa ni itoke lini na itoke kwa nani.

Na wakati wa kujipanga si mrefu. Mabasi marefu ya Kichina, Yutong, Zhongtong na Higer, yanayopita Songea kwenda na kutoka Dar es Salaam, yana AC juu ya paa zenye kilo kadhaa za gesi kila moja na vioo visivyofunguka. Leo yako njia kuu. Yakichakaa yatauzwa kwa bei nafuu, na biashara ya mabasi Tanzania imekuwa hivyo siku zote: gari huanza njia ndefu na kumalizia wilayani. Hayo ndiyo yatakayokuja kubadilishwa Songea na Mbinga, yakiwa na gesi nyingi kuliko Coaster yoyote na yakitegemea AC kwa hewa ya kupumua. Geji mbili, mtungi wa kunasia na mizani vikinunuliwa sasa na gereji tatu au nne za Songea kwa ushirika, na VETA ikiingiza somo la kung'oa mfumo wa basi kwenye mafunzo ya majokofu, vijana watakaoyapokea mabasi hayo watakuwa wamekwisha kuzoea kazi kwenye magari madogo.